Waya Moyoni mwa Ovidio

Maumivu yalimshika Ovidio Zanutti wakati akipigiwa makofi. Ilikuwa Jumapili, na siku ya Jumapili kwa Zanutti, kama kwenye kila nyumba ya mtaa ule wa mjini Rosario ulio nyuma ya reli, mwenye nyumba ndiye huchoma nyama, na hupigiwa makofi kabla mtu yeyote hajatia kitu mdomoni. Ovidio alikuwa ameshika sinia la mbavu, anajifanya sifa hazimgusi, mara kifua kikabana kama kuna mtu amemkalia. Akadhani ni moshi. Akaliweka sinia mezani taratibu, maana zile mbavu zilikuwa zimeiva vizuri na hazikuwa na kosa lolote, kisha akajikalisha juu ya ndoo.

"Mzee, mbona umekuwa rangi ya jibini?" aliuliza Elba, mkewe.

"Moshi huu."

"Moshi unaelekea kwa jirani."

Delfor, kaka yake Elba, ndiye aliyewapeleka hospitali kwa gari lake. Alikuwa ameshauma ubavu wa kwanza na hakuona sababu ya kuuacha nyuma, basi akaendesha kwa mkono mmoja. Njia nzima Ovidio alilalamika, si kwa ajili ya kifua, ila kwa sababu nyama ilikuwa inapoa na wageni hawakujua ipi inatangulia kukatwa.

Huko hospitali wakamvalisha gauni lililo wazi kwa nyuma. Mtu aliyeingia nyumba za watu miaka arubaini kwa heshima zake, begi la vifaa begani, sasa anatembezwa kwenye korido huku ameushika mgongo wake kwa mkono. Wakampitishia mrija mwembamba kifundoni mwa mkono hadi kwenye moyo, wakapiga picha. Baadaye akaja Daktari Irusta, binti mwenye umri sawa na Mirna, mtoto wao wa pekee, akawaonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

Mshipa mmoja wa moyo, alisema, umeziba karibu wote. Dawa peke yake haitoshi. Itabidi autanue na kuuwekea stenti, yaani kijibomba cha wavu, kisimame pale kishikilie mshipa usijifunge tena.

"Wavu wa nini?" aliuliza Ovidio.

"Wa chuma. Chuma chembamba sana, kimepakwa dawa."

"Waya, basi."

"Ukipenda, uite waya."

"Na unatolewa lini?"

"Hautolewi, Mzee Zanutti. Unakaa humo humo."

Ovidio akaangalia vidole vya miguu yake.

Hapa sina budi kuwaeleza habari ya Ovidio na waya, la sivyo mtamwona mwoga tu, na mwoga hakuwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kufulia. Kule kwao kila mtu anajua kwamba spea ikikosekana unafunga waya, unasema "kwa sasa", na maisha yanaendelea. Spea haiji, waya unabaki. Nchi nzima inakwenda hivyo na hakuna anayeshangaa. Lakini Ovidio alizidi. Geti la nyumba yake lilisimama kwa waya. Mlango wa kabati, mpini wa pasi, boya la tangi la maji, antena juu ya paa, mguu wa kitanda cha mume na mke, vyote waya. Kila kimoja kilifungwa kwa sasa. Ile "kwa sasa" ya geti ilisemwa Mirna akiwa bado anatambaa, na leo Mirna ana mume na goti linalomsumbua.

Kwa hiyo waya aliujua. Alijua unavyochoka, unavyokula kutu, unavyouma kidole siku usiyotegemea. Mtu aliyewaapia wateja miaka yote kwamba waya ni imara kuliko spea, huyo ndiye wa mwisho duniani kuutaka moyoni mwake.

"Lakini daktari," alisema Delfor, ambaye hakuna aliyemkaribisha mle chumbani, "si zipo za kuyeyuka? Nimeziona kwenye simu."

Ovidio akainua kichwa.

Daktari Irusta alikuwa mtu wa subira. Akakubali kwamba zipo. Zinashikilia mshipa, na baada ya miaka miwili mitatu zinayeyuka zenyewe, mshipa unabaki huru bila chuma ndani. Wazo ni zuri, alisema, yeye mwenyewe analipenda. Ila zile za mwanzo zilileta shida: kuta zake zilikuwa nene, na kwa baadhi ya watu damu iliganda humo zaidi kuliko ilivyoganda kwenye za chuma. Za sasa ni bora, bado zinachunguzwa. Lakini mshipa wa Ovidio umepinda, una ukoko mgumu, na kwa mshipa wa namna ile ya chuma ndiyo inayofaa. Tena bima inailipa, na ile nyingine pale hospitalini haipo.

"Ungekuwa baba yangu, ningekuwekea ya chuma leo leo," alisema. "Usingoje. Nasema wiki hii, siyo mwezi huu."

Alieleza vizuri na kwa lugha nyepesi. Elba alielewa yote. Delfor alielewa nusu. Ovidio alisikia neno moja tu, nalo ni kuyeyuka. Akaomba nguo zake, akatia saini kwamba anaondoka kwa hiari yake, wakampa vidonge na kimoja cha kuweka chini ya ulimi akibanwa, akaenda nyumbani.

*

Delfor alikuwa na mtu wake Buenos Aires. Delfor siku zote ana mtu wake mahali. Huyu, alisema, yuko kwenye mambo ya vifaa vya tiba, na stenti ya kuyeyuka kwake si shida, ni kungoja simu tu. Basi wakangoja simu.

Jumapili ikafika, Ovidio amekatazwa moto na amekatazwa mafuta. Delfor akashika jiko. Akawasha moto mkubwa kama wa kuchoma takataka, nyama ikaungua nje na ndani ikabaki inakutazama. Ovidio alikuwa amekaa kivulini na sahani yake ya boga la kuchemsha, anaona kila kosa likitendeka na hana la kusema, maana alikuwa ameambiwa asikasirike. Nyama ilipofika mezani watu wakatazamana. Kisha Mirna, kwa kuwa mila ni mila, akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Delfor akainama kama mwanasiasa. Ovidio aliniambia baadaye kwamba ya kifua aliyasahau siku ile, ila yale makofi hakuyasahau.

Elba yeye hakuwa akiangalia nyama. Alikuwa akimwangalia mumewe. Aliona kwamba kutoka jikoni hadi getini Ovidio sasa anasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anatazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Anakagua, anavuta pumzi, anaendelea. Mawingu ya Rosario hayajawahi kupata mkaguzi kama yule.

"Kuna nini huko juu?" alimuuliza jioni, wamekaa na mate yao, ile chai chungu ya kwao inayonyonywa kwa mrija, kibuyu kinakwenda na kurudi kati yao.

"Naona kama itanyesha."

"Ulisema hivyo jana na juzi. Mzee, kwa nini hutaki hiyo ya chuma?"

Akanyonya mrija hadi ukakoroma, akamrudishia kibuyu. "Sitaki kitu cha kukaa. Nataka kinishikilie mpaka mshipa upone, halafu kiende zake."

"Katika vitu ulivyowahi kushikiza wewe, kipi kimeenda zake?"

"Hiyo ni mashine, Elba. Hapa tunazungumzia moyo."

"Ahaa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi pasi yangu ina waya, kabati langu lina waya, nalala juu ya waya, na sijafungua mdomo. Umefika moyo wako, unataka spea kutoka Buenos Aires."

Ovidio akasema daktari yule ni mtoto. Elba akasema mtoto kasoma. Ovidio akasema simu itapigwa wiki hii hii. Elba akamimina maji ya moto kwenye kibuyu, akanywa mwenyewe, na zamu ya Ovidio akairuka, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ndoa yao.

*

Asubuhi Ovidio alikwenda kwa kinyozi kunyolewa ndevu na kupokea pole. Aliporudi hakuliona geti. Kwanza alidhani amepita nyumba. Kisha akaliona, limelala kifudifudi kando ya barabara, na mbwa wa jirani amejinyoosha juu yake.

Ndani kulikuwa na sauti ya maji. Tangi lilikuwa limejaa likapita, maji yanashuka ukutani kama mvua aliyoitabiri. Mlango wa kabati ulikuwa chini. Pasi ilikuwa huku na mpini kule. Mashine ya kufulia, iliyoshikizwa ukutani kwa waya kwa kuwa ilikuwa na tabia ya kutembea, ilikuwa imetembea. Ilitoka jikoni, ikavuka kizingiti, na sasa inatetemeka uwanjani na mzigo wa mashuka tumboni, imezuiwa tu na urefu wa kamba yake ya umeme. Elba alikuwa ngazini, plaizi mkononi, anamalizana na antena. Chini ya ngazi palikuwa na ndoo ya waya, imejaa hadi juu.

"Mwanamke, unafanya nini?"

"Nayeyusha," alisema Elba, na antena ikaja chini.

"Umepata kichaa?"

"Si umesema vya kukaa huvitaki? Basi nimeondoa. Vimeshikilia vya kutosha, sasa vimekwenda zao." Akashuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye aproni. "Kitanda pia. Leo utalala umeinama, kichwa juu. Wanasema ni vizuri kwa moyo."

Ovidio alitamani kupiga kelele, akakumbuka ameambiwa asikasirike, akakasirika kwa kukatazwa. Akatoka nje kwa mwendo wa kiume. Akamfukuza mbwa, akainama, akalishika geti kwa mikono miwili ili alisimamishe mwenyewe kama alivyolisimamisha zamani. Lilinyanyuka hadi usawa wa magoti. Yule mtu wa kifuani akaja akamkalia, safari hii na ukoo wake mzima. Ovidio akaliachia geti, akakaa juu yake.

Elba alimkuta pale, rangi ile ile ya jibini. Akakitoa kile kidonge kwenye mfuko wa shati la mumewe, akakiweka chini ya ulimi wake, akakaa naye hapo hapo kwenye geti, barabarani, watu wanapita wanasalimia. Plaizi bado alikuwa nayo.

"Nimekuua," alisema.

"Bado." Ovidio akangoja kidonge kifanye kazi. Kifua kilipolegea kidogo akaanza kusema, macho yakiwa kwenye lami. "Kila waya niliofunga, Elba, nilijua ni kwa sasa. Nilijiambia ipo siku nitanunua bawaba nzuri, nitafanya kazi ya kueleweka, utaona. Sasa huyu binti ananiambia huu wa moyoni ni wa kukaa. Maana yake ile siku haipo tena. Nimebaki hivi hivi nilivyo, na waya wangu."

Elba akaiweka plaizi chini.

"Ile siku haikuwahi kuwapo, mzee. Mimi nilijua tangu geti."

"Ulijua?"

"Nani alikuambia nilikuwa nangoja spea?"

Ovidio aliona macho yanamchoma, akasema ni kile kidonge.

Walikuwa bado wamekaa pale Delfor alipotokea na gari lake, furaha imemjaa. Simu imepigwa, alisema. Mtu wake wa Buenos Aires anacho kitu, tena kwa bei ya ndugu. Elba akamtaka aeleze ni kitu gani hasa. Delfor akazunguka kidogo, akakohoa, mwishowe akasema kwamba huyo bwana, kusema kweli, yuko upande wa mifugo. Anauza nyuzi za kushonea ng'ombe waliopasuliwa. Lakini zinayeyuka, Delfor alisisitiza, zinayeyuka kabisa, na akiulizwa yeye, utaalamu ni ule ule.

Ovidio alimtazama shemeji yake, akaitazama nyumba yake isiyo na geti, na mashine iliyokuwa bado inapambana na kamba yake uwanjani.

"Usizime gari," alisema.

*

Safari hii alilivaa gauni bila kulishika mgongoni. Wakamlaza chini ya taa, macho anaona na masikio anasikia, kwa kuwa kazi ile hufanywa mtu akiwa macho. Daktari Irusta alikuwa amefunika uso, yamebaki macho tu.

"Kwanza napitisha waya mwembamba wa kuongozea," alisema.

"Waya mwingine tena?"

"Huu utatoka. Utakaobaki ni ule wavu."

Ovidio akafikiri. "Ncha ya huo waya mmeikunja? Ncha ikiachwa wazi inachoma."

Macho ya daktari yakacheka. "Imekunjwa, Mzee Zanutti. Na ni laini."

"Vizuri. Watu wengi huwa hawakunji."

Kisha alihisi kubanwa, kwa nguvu, akaanza kuomba kwa Bikira Maria na kwa mama yake marehemu kwa zamu. Wakamwambia wanautanua sasa. Na mara, bila kelele, yule mtu wa kifuani akainuka akaenda zake. Kwenye kioo, mshipa uliokuwa mwembamba kama uzi ukajaa, na vijito vyake vidogo vikaonekana hadi mwisho, vyote vina damu. Katikati palikuwa na kitu kidogo cha wavu, kama kipande cha chujio. Kimekaa sawasawa. Yeye, fundi, hakuona pa kukisahihisha.

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa. Akauinua wa kushoto, akaanza kujipiga pajani, pa, pa, pa. Muuguzi akaruka, akidhani ni degedege.

"Makofi," alisema Ovidio, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. "Apigiwe makofi mchomaji."

Wale ni watu wa Rosario, hawakuhitaji maelezo. Muuguzi akapiga, fundi wa picha nyuma ya dirisha la kioo akapiga, na Daktari Irusta akainama kidogo, siyo kama Delfor.

*

Akarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Vidonge vya aina mbili vya kuifanya damu iwe nyepesi isigande kwenye wavu, na onyo kali kwamba asiviruke hata siku moja bila ruhusa ya daktari, maana kuviruka ndiko kunakoua. Delfor aliwashusha mlangoni akaondoka haraka, alikuwa na mtu wake mahali.

Geti lilikuwa limesimama.

Ovidio alilikaribia kwa mashaka. Halikuwa na bawaba mpya. Lilikuwa limefungwa waya, ila si kwa mkono wake. Mizunguko ilikuwa imepandana ovyo, sehemu moja mingi mno, nyingine hakuna, na ncha zote zimetazama nje kama mswaki uliochakaa. Kupitia mlango ulio wazi aliiona mashine imerudishwa ukutani, nayo imefungwa vile vile, vibaya na kwa waya mwingi kupita kiasi. Kabati pia. Mpini wa pasi ulikuwa mnene kama mkono wa mtoto.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mimi."

"Lini?"

"Walipokulaza. Walisema niende nyumbani nikapumzike." Elba alikuwa akitafuta ufunguo kwenye mkoba, hakuinua uso. "Nikaona usiporudi, nitakaa na nyumba niliyoivunja mwenyewe."

Ovidio akafanya anachokijua. Akaweka mkono kwenye fundo la waya ili azikunje zile ncha, na ncha ya kwanza ikamwingia kwenye dole gumba.

Kilikuwa kitundu cha sindano tu. Siku nyingine angekinyonya akasahau. Lakini damu yake sasa ilikuwa nyepesi, ikatoka, ikatoka tena, ikashuka hadi kiganjani. Elba aliutupa mkoba chini, akalifunga lile dole kwa pembe ya aproni, akazungusha na kuzungusha, akalibana kwa mikono miwili. Wakabaki wamesimama hivyo hivyo getini. Jirani mwenye mbwa akapita na mikate yake, akauliza kama wanahitaji msaada. Elba akamwambia asante, hapana.

"Ni dawa tu," alisema Ovidio. "Itaacha."

"Najua ni dawa."

"Unabana sana."

"Nimezungusha kama unavyozungusha wewe."

"Sasa tutakaa hivi mpaka lini?"

"Ni kwa sasa tu," alisema Elba, na hakumwachia.